Muulize Shangazi: Kokateli wako ana nini safari hii?

Meseji za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote ni za kokateli, yule ndege wa kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa, inaonekana sa hivi kila nyumba anayo mmoja. Kabla sijaanza kujibu niseme hivi, maswali mengi mnayoniletea yanaishia na "nimpe dawa gani Shangazi", na ukisoma vizuri ndege mwenyewe hata hahitaji dawa, anahitaji mtu wa kumwangalia vizuri na mzani mdogo wa jikoni unaopima kwa gramu. Kwaiyo mkiona nautaja taja huo mzani msinichoke. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeletewa kokateli kama wiki hivi imepita, wa kijivu mwenye uso wa njano. Kila nikiingiza mkono kwenye tundu anapuliza kama nyoka, anarudi kwenye kona, na jana kaning'ata kidole mpaka damu ikatoka. Mi nilisikia hawa ndege ni wapole sana, sasa huyu vipi, au nimepewa mkorofi? – Kijana wa plasta kidoleni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kidole. Hujapewa mkorofi, umepewa ndege mwenye hofu. Kwao ni Australia, na kule porini wanakula chini ardhini, makundi kwa makundi wanaokota mbegu za nyasi, na kinachowashukia kutoka juu mara nyingi ni mwewe. Sasa we kila siku unamshushia mkono kutoka juu, tena ndani ya chumba chake ambacho hana pa kukimbilia, unategemea afanye nini?

Anza na kusoma kile kishungi, kinasema kila kitu. Kikisimama wima kabisa ameshtuka au kuna kitu anakishangaa. Kikilala nyuma kichwani kikabanwa, mdomo uko wazi, mwili kaurefusha, huyo anakwambia sogea mbele uone, na ukisogea ukang'atwa usimlaumu mtu, ulishaambiwa. Kikiwa kimelegea nusunusu, ncha yake imejikunja juu kidogo, ametulia, na hapo ndo pa kufanyia kazi.

Tundu liweke chumba ambacho watu wanakaa, upande mmoja uwe ukutani ili ajue mgongoni kuko salama, urefu wa kifuani kwako. Siku za mwanzo we kaa tu pembeni fanya mambo yako, chezea simu, ongea nae kwa sauti ya chini, mkono usiingie ndani isipokuwa kubadilisha maji na chakula. Akianza kujichambua manyoya au kula ukiwa umekaa hapo hapo ujue mmepiga hatua. Kisha chukua suke la mtama mdogo, hakuna kokateli anayelikataa, mpe kupitia kwenye nyaya, shika kwa mbali, kila siku shika karibu zaidi mpaka siku unagundua anakula huku mdomo wake unagusa kidole chako na wala hana habari. Sasa fungua mlango, suke mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kiweke chini ya tumbo juu kidogo ya miguu, sema "panda". Akipanda mpe. Dakika kumi kumi mara mbili kwa siku zinatosha, ukimganda nusu saa anakuchukia.

Akikung'ata usipige kelele na usivute mkono kwa kasi (najua ni rahisi kusema), maana akishajua kwamba aking'ata mkono unaondoka basi hiyo ndo itakuwa njia yake ya kukufukuza maisha yake yote. Glavu usivae, zinamtisha mara mbili. Aliyelelewa kwa mkono tangu kifaranga analainika ndani ya siku chache, aliyekulia kwenye banda kubwa na wenzake anaweza kuchukua miezi, na bado akawa ndege mzuri tu.

SWALI: Shangazi mi nina kokateli wawili, wanakula alizeti na mtama peke yake. Karoti wanaikimbia, mboga za majani wanazitupa chini, nimenunua peleti (vile vidonge vya chakula cha ndege cha dukani) wameziangalia tu. Jirani kaniambia niwanyime mbegu siku mbili tatu watakula wenyewe kwa njaa. Ni kweli? – Mama wa wawili

JIBU: Mama nisikilize vizuri, hilo la jirani usilifanye. Kokateli mzima ana uzito wa kama gramu 80 mpaka 120 hivi, hana akiba ya kukaa na njaa siku tatu, na kuna kitu wengi hawakijui, ndege anaweza kufa njaa bakuli la peleti likiwa limejaa mbele yake, sio kiburi, ni kwamba hajui kama kile ni chakula. Kwake chakula ni kitu cha kumenya, basi.

Ila tatizo lako ni la kweli, na unafanya vizuri kuliuliza mapema. Mbegu tupu zina mafuta mengi, vitamini A karibu hakuna, kalsiamu kidogo mno. Mwaka wa kwanza wa pili utaona ndege mzima kabisa, anaimba, anaruka, baadae ndo unaanza kuona manyoya yamefifia, pua zimeziba ziba, mafua hayaishi, mdomo unabanduka magamba, na ndani huko ini limejaa mafuta. Alizeti hasa wanaipenda mno, wakiachiwa wachague watachagua hiyo hiyo, kwaiyo alizeti itoe kwenye bakuli uifanye zawadi, punje mbili tatu za mkononi wakati wa kumfundisha kitu.

Sasa namna ya kuwahamisha. Kwanza nunua mzani wa gramu, ule wa jikoni wa kupimia unga unafaa, weka kijiti juu yake au kibakuli, uwapime kila asubuhi kabla hawajala, andika. Bila mzani utabahatisha, kwasababu manyoya yanaficha, ndege amekonda mpaka mfupa wa kifua unakata mkono na ukimwangalia unaona mnene. Akishuka chini ya uzito wake wa kawaida kwa sehemu ya kumi, yani wa gramu 90 amefika 81, acha zoezi, mrudishie mbegu zake na umpeleke kwa daktari.

Baada ya hapo ni ujanja tu. Mbegu zile zile loweka usiku, suuza vizuri, ziache zichipue kidogo, mbegu iliyochipua ina lishe zaidi na ladha yake wanaijua. Zikiharibika zinanuka, hizo mwaga. Karoti, boga, viazi vitamu vilivyochemshwa, pilipili hoho, mboga za kijani kilichokolea, katakata mpaka iwe vipande vya ukubwa wa mbegu, changanya na mbegu zilizolowa, hapo akitafuta mbegu lazima aguse mboga. Jani zima lichovye maji ulibane pembeni ya tundu kwa kibanio cha nguo, wengine wanaanza kwa kuogea kwenye lile jani, wanalichana chana, wiki ya pili wanalimeza. Na kula mbele yao! Hawa ni ndege wa kundi, wakikuona unatafuna kitu kwa raha wanakuja kuangalia nini hicho. Karoti mbichi tafuna kwa kelele. Peleti zisage unyunyize juu ya chakula wanachokijua, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa, lengo ni peleti na mboga viwe sehemu kubwa na mbegu ziwe kidogo, sio mbegu zifutwe kabisa.

Kitu kingine kidogo ila kimeua ndege wengi, bakuli la mbegu linadanganya. Kokateli anamenya, ganda analiacha palepale kwenye bakuli, kwaiyo jioni unapita unaona limejaa unaenda kulala kumbe ni maganda matupu. Kila siku pulizia juu yake uone kilichobaki ni nini. Na kwakuwa wanamenya hawahitaji ule mchanga wa kusagia chakula tumboni, usiwape, kifupa cha ngisi cha kalsiamu kinatosha.

Vya kutowapa kabisa: parachichi (hata kidogo, hata jani lake), chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu, vitu vya chumvi nyingi, mbegu za tufaha. Matunda mengine sawa ila kipande kidogo tu, yana sukari.

SWALI: Usiku wa manane ndege wangu ameanza kujibamiza kwenye tundu, mabawa pata pata pata, nikawasha taa nikakuta damu kwenye nyaya. Mama mkwe anasema ni jini. Naomba msaada.

JIBU: Mheshimu mama mkwe ila hilo sio jini, ni hofu ya usiku, kokateli wanajulikana sana kwa hilo kuliko jamaa zao wengine. Gizani haoni, anasikia kitu kidogo, panya kapita, gari limepiga mwanga dirishani, mlango umebamiza, akili yake inamwambia ruka, anaruka, anakutana na nyaya, anazidi kuogopa. Kama wako kadhaa mmoja akianza wote wanaanza.

Ikitokea washa taa ndogo, ongea nae kwa sauti anayoijua, usimkamate mara moja mpaka atulie. Halafu angalia damu imetoka wapi. Mara nyingi ni unyoya mpya wa bawa au mkia, ule ambao bado unaota una damu ndani ya bomba lake, ukivunjika unavuja. Nyunyizia kornflawa au unga wa ngano, bana na pamba safi dakika kadhaa. Ikikata, mwache apumzike ukiwa unamwangalia, isipokata ni daktari wa mifugo usiku huo huo, mwili wa ndege una damu kidogo sana, matone tu kwako kwake ni mengi. Mambo ya kuung'oa unyoya mwenyewe nyumbani mi siyapendi, ukikosea unaongeza kidonda.

Kwa siku zijazo weka taa ndogo hafifu ya usiku, akishtuka aone alipo. Kama ulikuwa unafunika tundu kwa kitambaa kila upande, acha upande mmoja wazi. Vitu vya kuchezea vinavyoning'inia katikati ya anga la tundu sogeza pembeni usiku, wengi wanajinasia hapo. Na apate saa 10 mpaka 12 za usingizi, sio mnaangalia tivii mpaka saa sita usiku yeye yuko hapo hapo sebuleni amefumba jicho moja.

SWALI: Nna lovebed na kokateli, naweza kuwaweka tundu moja? – D.

JIBU: Hapana. Lovebed ni kasuku mdogo ila ana roho ya simba na mdomo wa kukata vidole vya mwenzake, na kokateli ni mtu wa kukimbia sio wa kupigana. Matundu mawili, na wakitoka nje watoke mbele ya macho yako. Na kama huyo lovebed ni mgeni kaingia juzi, mtenge chumba kingine siku 30 mpaka 45 kwanza, ndege mgonjwa anaweza kuonekana mzima wiki nyingi.

SWALI: Shangazi mi niko peke yangu na kokateli wangu jike, hana dume, hajawahi kuona dume, lakini ametaga mayai manne na juzi kaanza tena! Nikiyatoa anataga mengine. Atatotoa? Na mbona anadhoofika? – Binti mwenye mashaka

JIBU: Mwanangu hayatotoi, hayana mbegu ya dume, ni mayai tu yale yale tunayokula. Jike anataga akiona mazingira yamekubali, dume awepo asiwepo. Porini anataga mvua ikinyesha na chakula kikiwa kingi, ndani ya pango la mti lenye giza. Sasa angalia nyumbani kwako, chakula kipo mwaka mzima, mwanga upo mpaka usiku, na nina hakika kuna mahali penye giza anapapenda, chini ya kochi, kwenye droo, ndani ya kabati, au umemwekea kinyumba cha kitambaa ndani ya tundu. Na mwenza amempata, ni wewe. Ukimsugua mgongoni na chini ya mabawa, we unaona unambembeleza, yeye anaelewa vingine kabisa. Kuanzia leo mguse kichwa na mashavu tu.

Kosa kubwa ni kuyatoa mayai. Kokateli anataga yai moja kila baada ya siku moja au mbili mpaka afikishe manne hadi sita, ukimtolea anaona hajafikisha anaongeza, na kila yai linachota kalsiamu kwenye mifupa yake. Mwachie. Kuatamia kwao ni kama siku 18 mpaka 21, ataatamia wee ataona hamna kitu ataacha mwenyewe, ndo utoe. Wakati huo punguza mwanga, giza na ukimya viwe kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku, ondoa kinyumba, funga droo, tundu libadilishe mahali na vijiti vyake uvipangue, vyakula vitamu vya laini laini punguza. Kifupa cha ngisi kiwepo muda wote, na akitoka apate jua la moja kwa moja sio la kupitia kioo, bila jua au taa maalum ya ndege hiyo kalsiamu mwili hauipokei vizuri. Jua na kivuli vyote awe navyo lakini, usimchome.

Sasa hilo la kudhoofika ndo limenitia wasiwasi. Ukimkuta amekaa chini ya tundu, amejivimbisha manyoya, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, anasukuma na hakuna kinachotoka, miguu imelegea, hapo yai limekwama. Hiyo ni dharura ya saa, sio ya kesho. Mweke kwenye boksi lenye joto la kama digrii 29 mpaka 32 na unyevunyevu, upande mmoja uwe wa baridi kidogo aweze kusogea, na uwe njiani kwenda kwa daktari. Usimminye tumbo, usijaribu kulivuta, yai likipasukia ndani umempoteza. Kuna majike ambao hakuna hila inayowazuia kutaga, hao daktari wa ndege anaweza kuwachoma homoni ya kusimamisha, muulize.

SWALI: Nilisikia kikaango cha kutogandisha kinaua ndege. Ni stori za mtandaoni au? Jiko langu na sebule ni chumba kimoja. – Baba mpishi

JIBU: Sio stori kaka. Ule utando wa Teflon ukipata moto kupita kiasi, kama kikaango kimesahaulika kitupu juu ya jiko kikavuka digrii 260 hivi, unatoa hewa ambayo we unaweza usiinuse kabisa, na ndege anaanguka ndani ya dakika. Watu wanafikiri ndege anakufa kwasababu ni mdogo, sio hivyo tu. Mapafu yake hayafanyi kazi yetu ya kuvuta na kutoa, ana vifuko vya hewa mwilini vinavyoipitisha hewa upande mmoja bila kusimama, anachuja hewa kuliko sisi, ndo maana anaweza kuruka na ndo maana sumu inamwingia haraka. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege wa canary kwenye migodi mpaka 1986 kwa sababu hiyo hiyo, ndege akianguka watu wanatoka.

Kwako ambako jiko na sebule ni chumba kimoja mi ningebadilisha vyombo kabisa, chuma, stili, udongo, na ningeangalia pia pasi, hita na zile mashine za kukaangia kwa hewa, nyingi zina utando huohuo ndani. Kumhamishia chumba cha pili hakutoshi sana, hewa inatembea. Sigara, dawa ya mbu ya kupuliza, pafyumu, rangi mpya, mishumaa ya harufu, vyote hivyo mbali nae.

SWALI: Unga mweupe kila mahali, kwenye tivii, kwenye makochi, mpaka kwenye laptopu. Anaumwa?

JIBU: Ndo kokateli huyo. Yeye ni ukoo wa kokatuu, mdogo kuliko wote, na ukoo mzima una manyoya maalum yanayosagika kuwa poda ya kupakia manyoya mengine, aliye nayo ni mzima, asiye nayo ndo wa kutilia shaka. Mwogeshe mara mbili tatu kwa wiki, chupa ya kupulizia maji ya uvuguvugu mpulizie juu kama mvua isimpige usoni, mchana ili akauke kabla ya kulala. Futa kwa kitambaa kibichi, ukifagia makavu unairusha tu. Ila kama nyumbani kuna mwenye pumu, au we mwenyewe umeanza kikohozi kikavu kisichoisha na pumzi inakata, mwambie daktari wako kwamba unafuga ndege, tafadhali, wengi hawasemi na daktari anahangaika bure. Hilo poda linaweza kuharibu mapafu ya mtu taratibu.

SWALI: Ndege wangu anapiga chafya na macho yana maji, nimemtilia kidonge cha antibayotiki yangu kwenye maji ya kunywa, siku ya tatu leo sioni nafuu. Niongeze dozi?

JIBU: Usiongeze, mwaga hayo maji sasa hivi mwekee masafi. Kokateli anakunywa maji kidogo sana, akiumwa anakunywa kidogo zaidi, maji yakiwa machungu ndo hagusi kabisa, kwaiyo dozi aliyopata hakuna anayeijua, halafu umemwongezea kiu juu ya ugonjwa.

Chafya moja mbili kavu kwa siku ni vumbi. Chafya yenye majimaji, manyoya juu ya pua yameloa, jicho limevimba, mkia unapampu, huo ni ugonjwa, na kokateli wana ugonjwa mmoja unaosababishwa na kidudu cha Chlamydia psittaci ambao unampata na binadamu, unakuja na homa, kichwa na kikohozi. Tiba yake ipo, huwa ni doxycycline kwa kama siku 45 kwa kipimo cha daktari, ukikatisha unarudi. Kwaiyo wewe nae ukijisikia vibaya nenda hospitali useme una ndege mgonjwa. Wakati unajiandaa kwenda mpe joto, mtenge na wenzake, mpime uzito, na chini ya tundu tandika karatasi nyeupe uone kinyesi. Kinyesi kizuri kina vitu vitatu, kamba ya kijani au kahawia, kitu cheupe, na maji maji kidogo. Ile nyeupe ikigeuka njano au kijani kibichi ini linalalamika. Piga picha, daktari atakushukuru kuliko maelezo yako yote.

SWALI: Wa kwangu ataongea lini? Ana miezi mitano, nimemchezea video za ndege wanaongea masaa na masaa.

JIBU: Zima hizo video, anahitaji mtu sio spika. Kwanza tujue ni dume? Madume ndo wapiga miluzi na wanaongea maneno machache kwa sauti ya puani, majike wengi wako kimya. Kwa wa kijivu, baada ya kubadili manyoya mara ya kwanza, kuanzia kama miezi sita hadi mwaka, dume uso unakuwa njano ya kuwaka, jike anabaki na uso wa kijivu na mistari chini ya mkia. Wa njano na wa madoadoa wanasumbua kutambua, hapo ni kipimo cha vinasaba cha unyoya. Ukitaka maneno anza na maneno, neno moja kila asubuhi unapofunua tundu, kabla hujamfundisha mluzi, akishaonja mluzi maneno anayaona kazi ya bure. Na miluzi yenyewe chagua vizuri, huyu anaishi miaka 15 mpaka 20, huo wimbo utausikia sana.

SWALI: Paka wa jirani alimgusa tu kwa kucha, hana kidonda kikubwa, anakula. Nisubiri nione?

JIBU: Usisubiri. Mate ya paka yana bakteria, na paka anajilamba kucha kutwa nzima, kitobo kidogo kama cha sindano chini ya manyoya kinatosha kumuua ndege ndani ya siku moja mbili akiwa anakula hivyo hivyo. Daktari leo, dawa ianze leo.

SWALI: Nimkate manyoya ya mabawa asije akatoroka?

JIBU: Mi sipendi. Anayeruka ana kifua kizuri na moyo mzuri, aliyekatwa vibaya anaanguka kama jiwe anavunja mfupa wa kifua. Weka nyavu dirishani, pazia kwenye vioo, feni zima kabla hujafungua tundu, chooni funika. Na aliyekatwa pia anatoroka, upepo ukimchukua nje anapaa vizuri tu ila kushuka kwa mpangilio hawezi.

SWALI: Kokateli wangu wa njano ana kipara nyuma ya kishungi. Nampaka mafuta ya nywele mwezi wa pili huu, hayaoti.

JIBU: Na hayataota dada. Hao wa njano wenye macho mekundu wengi wanazaliwa na hicho kipara, kimekuja na rangi yao, ni kitu cha kurithi. Angekuwa wa kijivu ningekwambia angalia kama mwenzie anamnyonyoa. Hayo mafuta acha leo, yanagandisha manyoya anashindwa kutunza joto na akijichambua anayameza yote, mpulizie maji ya uvuguvugu tu kila siku mpaka yaishe, na chupa rudisha bafuni ujipake mwenyewe.